Nani Anashika Lango? Utalii Endelevu wa Pwani ya Kenya, Kutoka Ufuoni Hadi Tsavo

Ukilala katika hoteli kubwa yoyote kati ya Diani na Malindi siku hizi, huenda ukakuta bafuni kadi ndogo inayokuomba usibadilishiwe taulo kila siku kwa ajili ya kutunza mazingira. Ombi si baya. Taulo zikipungua, maji na sabuni hupungua, na bili ya mwenye hoteli hupungua vilevile. Lakini kadi hiyo na wenzake, mrija wa karatasi na paneli ya sola, imewafanya wengi waamini kwamba utalii endelevu ni shughuli kati ya hoteli na mgeni wake. Mvuvi wa Shimoni au mkulima wa Mwatate ukimtajia jambo hilo hatazungumza habari za taulo. Atakuuliza pesa za kiingilio zinaenda wapi, na nani aliyeamua ziende huko.

Naona swali lake ndilo linalofungua mada hii kuliko maelezo ya vitabuni. Vitabuni, utalii endelevu una nguzo tatu: mazingira yasiharibiwe, utamaduni uheshimiwe, na mwenyeji apate riziki. Zikiandikwa kwenye karatasi zinapendeza, kila moja imesimama upande wake. Pwani nguzo hizo hugombana kila siku. Ukifunga sehemu ya bahari ili samaki wazaliane, mvuvi analala njaa msimu huo. Ukimwachia ndovu apite, mahindi ya mtu yanaliwa. Ukijaza hoteli, kazi zinaongezeka na visima vya kijiji vinaanza kutoa maji ya chumvi. Kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kuamua nani aumie kidogo leo ili nani afaidike kesho, na hapo ndipo suala la mwenye lango, yaani anayepokea kiingilio na kuamua kiende wapi, linapoingia.

Kwanza tuelewane tunazungumzia wapi. Neno Pwani likitajwa, picha inayokuja ni mchanga mweupe na minazi. Lakini katika ramani ya utawala Pwani ina kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta. Hiyo ya mwisho haina hata hatua moja ya ufuo. Ina milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria kimepita mita 2,200 na msitu wa ukungu una ndege wasiopatikana kwingine popote duniani. Ina viwanja vya Vita vya Kwanza vya Dunia, maana Wajerumani waliingia Taveta Agosti 1914, na kilima cha Salaita kikapiganiwa Februari 1916. Na ina Tsavo. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zilizinduliwa mwaka wa 1948, na kwa pamoja zina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Taita-Taveta iko ndani ya mbuga hizo.

Chukua safari ya kawaida ya mgeni aliyefika Diani kwa wiki mbili. Siku kumi na mbili yuko ufuoni. Siku moja anapelekwa mbuga ya bahari ya Kisite kuona pomboo. Siku moja, pengine na usiku mmoja, anapelekwa Tsavo kwa gari la safari, anaona ndovu wekundu kwa vumbi, anapiga picha, anarudi. Kiingilio cha mbuga kinaingia mfuko wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo ni la serikali ya kitaifa. Gari ni la kampuni ya Mombasa au Diani. Chakula cha mchana kimefungwa hotelini. Amekatiza kaunti nzima bila kununua hata ndizi kutoka kwa mtu wa Taita.

Hapo ndipo penye fundo la kwanza. Kenya ina malango ya aina tatu, na watalii wengi, hata Wakenya wenyewe, huyachanganya. Kuna mbuga ya kitaifa, kama Tsavo, ambayo mapato yake hukusanywa na KWS na kusaidia pia kuendesha mbuga zisizo na wageni wengi. Kuna hifadhi ambayo serikali ya kaunti ndiyo inayokusanya, na mfano mashuhuri uko mbali na Pwani: Maasai Mara, ambako kiingilio ni cha Narok. Halafu kuna hifadhi ya jamii, ambayo Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliitambua rasmi: wenye ardhi wanakubaliana kuwaachia wanyama nafasi, na mapato yanakuwa yao. Viongozi wa Taita-Taveta kwa miaka mingi wamedai mgao wa mapato ya Tsavo, wakitazama Narok kwa wivu ambao mtu hawezi kuwalaumu nao.

Wivu huo una sababu. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka wa 2021 ilikuta karibu ndovu 15,000 katika eneo zima la Tsavo, wengi kuliko mahali pengine popote nchini. Ndovu hasomi mpaka. Ukame ukibana, anatoka mbugani, anavunja tangi la maji, anamaliza shamba usiku mmoja. Sheria hiyohiyo ya mwaka wa 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na viwango vingine kwa majeruhi na mali. Ni kiwango cha heshima kwenye karatasi. Familia zimengoja malipo kwa miaka. Katika hali hiyo, kumwambia mkulima kwamba ndovu ni urithi wa taifa kunamkera tu, kwa sababu anayelipwa kwa ndovu yuko upande mwingine wa ua.

Ranchi za Taita zilijaribu kujibu tatizo hilo kwa njia yao. Lualenyi, Mramba na Oza ziliunganisha ardhi na kuwa hifadhi ya Lumo, jina lililotokana na herufi zao za mwanzo, inayopakana na Tsavo Magharibi. Wanyama hupita, wageni hulipa, na wanahisa wana sauti. Si mradi tajiri. Lakini mwenyeji akiwa na hisa, ndovu anapoonekana kwenye upeo wa macho hesabu yake inabadilika, hata kama ni kidogo.

Sasa tushuke Kwale, kwa sababu huko kuna kisa ambacho kila mtu anayetaka kuanzisha mradi wa utalii wa jamii angestahili kukisoma kabla ya kuandika ombi la ufadhili.

Kati ya hifadhi ya Shimba Hills, makao ya swala aina ya palahala pekee waliobaki Kenya, na msitu wa Mwaluganje, kuna bonde ambalo ndovu walilipita tangu zamani. Wakulima wa Kiduruma na Kidigo walikuwa wakilima humo, na kila msimu ndovu walivuna kabla yao. Miaka ya tisini yalifikiwa makubaliano: wakulima waache kulima, mashamba yao yaunganishwe yawe hifadhi ya ndovu, ua ujengwe kulinda mashamba ya pembeni, na kila mwenye ardhi alipwe kila mwaka kulingana na ekari zake kutokana na kiingilio cha wageni. Hata kinyesi cha ndovu kiligeuzwa karatasi za kuuza. Kwa muda, Mwaluganje ilitajwa kila mkutano wa uhifadhi kama mfano wa kuigwa.

Mfano ulikuwa na ufa mmoja. Malipo yote yalitegemea mgeni aje, na mgeni wa Pwani ya Kenya haji kila mwaka. Ghasia za Likoni za mwaka wa 1997 zilimkimbiza. Shambulio la hoteli ya Kikambala mwaka wa 2002 likamkimbiza tena. Halafu vurugu za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, mashambulizi ya Mpeketoni mwaka wa 2014 na maonyo ya safari kutoka balozi za Ulaya, na mwisho Korona mwaka wa 2020. Hoteli iliyofungwa inaweza kufunguliwa tena ikipakwa rangi. Mkulima aliyetoa shamba lake anabaki na ardhi asiyoweza kulima na gawio lisilotosha karo ya mtoto mmoja. Manung'uniko yakaanza, na wapo waliotaka warudishiwe ardhi yao. Sioni hapo kosa la ndovu wala la mkulima. Mradi ulimpa mwenyeji hasara ya kudumu na faida ya kubahatisha.

Kwa hiyo kuna swali la pili linalofuata lile la lango: mwaka ambao wageni hawaji, nini kinabaki?

Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye ghuba ya Gazi, wametoa jibu lao. Mikoko ya Gazi ilikatwa kwa miongo mingi kwa ajili ya boriti na kuni. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, walikuwa wakiotesha mikoko huko muda mrefu kabla dunia haijaanza kuzungumzia kaboni kwa sauti. Mkoko hunyonya hewa chafu ya kaboni na kuifungia katika shina, mizizi na hasa katika tope lililo chini yake, ambamo hukaa kwa karne ikiwa halitachimbuliwa. Mwaka wa 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza kuuza huduma hiyo kupitia mradi unaoitwa Mikoko Pamoja: hekta 117 za mikoko zinalindwa, takriban tani 3,000 za hewa hiyo zinahesabiwa kila mwaka, na kampuni au watu wa ng'ambo wanaotaka kufidia uchafuzi wao wananunua. Ulikuwa mradi wa kwanza wa jamii duniani kuuza kaboni ya mikoko. Pesa huingia mfuko wa kijiji, kamati iliyochaguliwa huitisha mkutano, na wenyeji huamua: maji ya bomba, vitabu vya shule, kukarabati darasa. Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, wameiga kwa eneo kubwa zaidi.

Utalii uko wapi hapo? Uko pembeni, na naamini hapo ndipo mahali pake panapofaa. Kina mama wa Gazi wana njia ya mbao inayopita juu ya tope katikati ya mikoko. Mgeni akija, analipa, anatembezwa, anauziwa chakula. Asipokuja, mikoko inaendelea kulindwa kwa sababu kuna mapato mengine yanayoilinda. Utalii umekuwa nyongeza ya riziki, na mtu akipoteza nyongeza bado anakula.

Nisipambe. Pesa za Gazi si nyingi ukizilinganisha na mapato ya hoteli moja ya nyota nne kwa mwezi wa Desemba. Bei ya kaboni hupangwa mbali na Gazi, na hushuka bila mwanakijiji kuulizwa. Na wapo wanaouliza, kwa haki kabisa, kwa nini kiwanda cha Ulaya kiendelee kuchoma mafuta kwa sababu tu mama wa Makongeni amepanda mkoko. Maswali hayo yana uzito. Lakini kwa suala letu, la nani anashika lango na nini kinabaki wageni wasipokuja, Gazi ina majibu yote mawili, na hayo ni mengi kuliko mikakati ya kurasa mia moja niliyoisoma.

Kilifi kuna kisa kinachofanana. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita za mraba 420, umezungukwa na vijiji ambavyo miaka ya tisini vilikuwa na watu wengi waliotaka ukatwe ugawanywe mashamba. Mwaka wa 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede. Wanakijiji hufuga viwavi kwa majani ya miti ya msituni, na viwavi wakishageuka pupa hupakiwa na kusafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani, ambako hutoka kwenye maganda yao mbele ya watoto wa shule waliolipa kiingilio. Mfugaji anauhitaji msitu kwa sababu majani na vipepeo wazazi hutoka humo. Hahitaji hata mtalii mmoja afike Gede. Ingawa mwaka wa 2020, ndege ziliposimama na maonyesho hayo kufungwa, pupa nao hawakuwa na pa kwenda. Hakuna riziki iliyofungamana na dunia isiyotikiswa na dunia.

Kando ya msitu huohuo, kwenye hori la Mida, kuna njia ya kamba na mbao inayoning'inia kati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio chake huchangia karo za sekondari za watoto wa familia zinazopakana na msitu na hori, katika mpango ulioanza mwaka wa 2001. Mpango huu unanivutia kwa wepesi wake. Mzazi haelezwi habari za bioanuwai. Anaona risiti ya shule.

Baharini mambo ni magumu zaidi kidogo, kwa sababu bahari haina hati miliki. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu ni za mwaka wa 1968, za kwanza kabisa Kenya, na matumbawe yaliyolindwa humo yamewapa kazi manahodha wa mashua zenye sakafu ya kioo kwa vizazi viwili. Lakini kwa mvuvi wa wakati ule, siku mbuga ilipotangazwa, bahari ya babu yake ilifungwa bila yeye kuulizwa. Kovu hilo bado lipo katika vijiji vingi, na Kisite nayo ilipofanywa mbuga miaka ya sabini kovu likaongezeka upande wa kusini. Ndiyo maana kisa cha Kuruwitu, karibu na Vipingo, kina uzito wake. Huko wavuvi wenyewe, wakiongozwa na wazee walioona samaki wakipungua, waliunda chama mwaka wa 2003 na baadaye wakafunga takriban hekta 30 za bahari. Wanapaita tengefu. Haikuwa rahisi, kuna waliovua kwa wizi na kuna waliogombana na ndugu zao. Ila samaki walirudi, wakaanza kuvuka mpaka wa tengefu na kuingia katika maji yanayovuliwa, na wageni wa kupiga mbizi wakaanza kulipa kuona kilichorudi. Bahari imefungwa pande zote mbili, Malindi na Kuruwitu. Tofauti ni mkono ulioshika ufunguo.

Kuna lango la aina nyingine tena, na hilo halina tiketi ya KWS wala ya kaunti. Misitu mitakatifu ya Wamijikenda, inayoitwa kaya, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2008. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ina hekta 30 hivi na hupokea wageni. Mgeni huvishwa kaniki nyeusi, hupewa masharti, hupelekwa na mwongozaji mwenyeji, na kuna sehemu ambazo hatafika hata alipe kiasi gani. Wazee wana uwezo wa kusema hapana. Linganisha na ngoma ya sengenya iliyofupishwa ikachezwa kati ya supu na kitindamlo kando ya bwawa la kuogelea, ambapo mpiga ngoma hana uwezo wa kusema lolote, achilia mbali hapana. Vyote viwili vinaitwa utalii wa kitamaduni kwenye vijitabu.

Tuje sasa kwenye jambo ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha: Pwani na bara zimeunganishwa na maji kabla ya kuunganishwa na barabara. Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, hutoka kwenye mawe ya volkano yaliyochuja mvua ya milima ya Chyulu, na sehemu ya maji yake husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Mgeni anayeoga Nyali huenda anaoga Tsavo. Chemchemi za Marere katika Shimba Hills nazo zimenywesha mji huo kwa miongo mingi. Visima vya Baricho, ukingoni mwa mto Sabaki, hulisha Kilifi na Malindi. Wakati huohuo, kuna vijiji vya Taita-Taveta na Kwale ambamo mwanamke hubeba mtungi akipita juu ya bomba linalopeleka maji hotelini. Mpango wowote wa kuongeza vitanda ufuoni ambao hautaji bomba hilo umeandikwa nusu.

Na maji hayaleti uhai peke yake. Mto unaoanza karibu na Nairobi kwa jina la Athi huitwa Galana ukipita Tsavo Mashariki, na Sabaki unapoingia baharini kaskazini mwa Malindi. Milima na mashamba ya bara yakimomonyoka, udongo wake unaishia hapo. Msimu wa mvua, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na mashapo hayo huyasonga matumbawe yaleyale ambayo joto la bahari la mwaka wa 1998 liliua sehemu kubwa yake. Mwenye hoteli wa Malindi anaweza kupiga marufuku chupa za plastiki mpaka achoke, na ni kweli tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa, lakini ufuo wake unategemea mkulima wa Machakos amepanda majani ya kuzuia mmomonyoko au la. Utalii endelevu wa Malindi, kwa sehemu, unafanyika Ukambani. Sijaona kodi ya kitanda inayolijua hilo.

Upande wa pesa za ufuoni, tatizo linafahamika: mfumo wa kulipia kila kitu kabla ya safari. Mgeni analipa Milan au Frankfurt, pesa zinagawanywa kati ya wakala, ndege na hoteli, na akifika Pwani mkono wake umefungwa ukanda wa plastiki unaomwambia kwamba kula nje ya ukuta ni kulipa mara mbili. Vijana wa bichi wanaomfuata na vinyago na safari za mashua mara nyingi huelezwa kama kero. Ni kero kweli, mtu akijaribu kulala juani. Lakini ndio soko pekee ambalo mfumo huo umewaachia wasiokuwa na ajira ndani, na vichochoro vya umma vya kwenda ufuoni vinapozibwa na kuta za majumba ya kifahari, hata soko hilo linabanwa.

Wengine hudai dawa ni hoteli kununua mboga na samaki kwa wenyeji. Sawa, na baadhi hufanya hivyo. Kinachokwama huwa kidogo na cha kuudhi: hoteli inataka kilo mia mbili za nyanya za ukubwa mmoja kila Jumanne, na kulipa hundi baada ya mwezi au zaidi. Mama mwenye bustani ya mchicha anataka pesa jioni ile. Katikati yao anaingia broka mwenye mtaji na gari, na faida inabaki kwake. Chama cha ushirika chenye chumba cha baridi na mkopo mdogo wa kusubiria malipo kingetatua hilo kuliko kampeni kumi za kutangaza Pwani kwenye maonyesho ya utalii ya Berlin.

Na hapo niseme jambo kuhusu neno kukuza. Serikali zinapozungumzia kukuza utalii, kipimo huwa idadi ya wageni waliowasili. Kwa ukanda kama huu, kipimo hicho kinapotosha. Desemba ufuo umefurika hadi pomboo wa Kisite wanazingirwa na mashua kadhaa kwa wakati mmoja, kila nahodha akitaka wateja wake waone kwa karibu, wakati Mei na Juni, masika ikinyesha, baadhi ya hoteli hufunga milango na wafanyakazi hurudi nyumbani bila mshahara. Kuongeza wageni wa Desemba kunaongeza shida ya Desemba tu. Wanaohitajika ni wa miezi mingine na wa sehemu nyingine. Nyangumi hupita nje ya Watamu kuanzia Julai hivi hadi Septemba, majira ambayo zamani yalionekana ya hasara kwa sababu kusi huchafua bahari. Milima ya Taita ina baridi nzuri wakati Mombasa inachemka. Treni ya SGR, iliyoanza mwaka wa 2017, husimama Voi, na kutoka Voi kwenda Wundanyi ni safari fupi ya matatu inayopanda milima. Mgeni wa ndani kutoka Nairobi, ambaye ndiye aliyebeba hoteli za Pwani kila mara wazungu walipokimbia, anaweza kushuka hapo bila kuhitaji kampuni ya safari wala visa. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kuna kitu cha kushukia.

Msafiri mmoja hawezi kubadili mgao wa Tsavo wala bomba la Mzima, hizo ni kazi za bunge na za kaunti. Ila kuna maswali machache ambayo hubadilisha mkondo wa pesa siku hiyohiyo. Ukipiga simu kukata safari, uliza mwongozaji anatoka kijiji gani na analipwa kwa siku au kwa bakshishi tu. Uliza kiingilio kinapokewa na nani. Usiku wa Tsavo, uliza kama kuna malazi katika hifadhi ya jamii badala ya ndani ya mbuga. Baharini, mwambie nahodha mapema kwamba huna haja ya kuogelea na pomboo. Wengi hukimbiza wanyama kwa sababu wanadhani wewe ndiye unayetaka. Na ukienda Kisite, safari nyingi husimama kisiwani Wasini kwa chakula cha mchana tu, kaa na wali wa nazi, halafu hao wanarudi. Kina mama wa Wasini wana njia yao ya mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale, na kiingilio ni chao. Mwambie nahodha kabla hajang'oa nanga Shimoni, kwa sababu kaa wakishapakuliwa ratiba haina nafasi tena.